Upigaji picha wa ndege wa uani kwa lensi ndefu

Upigaji picha wa ndege wa uani ni tawi la upigaji picha za wanyamapori linalofanyika nyumbani: bustanini, kwenye ua wa michongoma, chini ya mwembe au kando ya migomba. Mpiga picha hutumia lensi ndefu kuwanasa ndege waliozoea kuishi karibu na watu. Lensi zinazotumika sana kwa kazi hii zina urefu wa fokasi wa milimita 400 hadi 600. Kwenye kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lensi ya milimita 600 huona pembe ya nyuzi 4 hivi tu.

Wengi huinunua wakiamini kwamba haja ya kumkaribia ndege imekwisha. Haijaisha. Chozi wa bustani ana urefu wa sentimita 10 hadi 12, mdomo na mkia vikiwamo. Akiwa mita 6 mbele ya lensi ya milimita 600, fremu nzima ina upana wa sentimita 30 na kitu, naye anajaza kama theluthi yake. Akisogea hadi mita 20, anabaki na sehemu ya kumi. Tena kadiri umbali unavyozidi ndivyo hewa inavyoharibu picha: saruji na mabati yakishika moto, hewa iliyo juu yake huchemka na kuupinda mwanga, na manyoya hutoka kama yamepakwa mafuta hata lensi iwe ya bei gani. Ndiyo maana uani panafaa kuliko mbugani. Ndege mdogo huja mwenyewe hadi mita 5 au 6, kila siku, kwenye kitawi kilekile.

Lensi za telefoto zilibuniwa mwaka 1891, karibu kwa wakati mmoja, na watu kadhaa, miongoni mwao Thomas Dallmeyer wa London na Adolf Miethe wa Ujerumani. Waliweka mbele kundi la vioo linalokusanya mwanga na nyuma kundi linaloutawanya, hivyo lensi ikawa fupi kuliko urefu wake wa fokasi. Zilipitisha mwanga kidogo, na waanzilishi wa picha za ndege walitegemea maficho kuliko vioo. Ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, waliotoa kitabu British Birds' Nests mwaka 1895, walifikia hatua ya kujificha ndani ya ng'ombe wa bandia aliyevikwa ngozi halisi. Cherry baadaye alifika Afrika Mashariki, na mwaka 1909 alimpiga filamu Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Kamera za tangu mwaka 2020 hivi zinaweza kulitambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe. Msaada huo ni mkubwa, ila hauchagui mahali pa kukaa.

Maficho bora nyumbani ni dirisha. Kioo hufunguliwa, pazia hushushwa, na mdomo wa lensi hupitishwa kati ya nondo na kulazwa juu ya mfuko wa maharage kizingitini. Ndege humwogopa mtu anayesogea kuliko pazia lililotulia, na baada ya siku chache hawalijali tena. Utulivu huo ni wa lazima, kwa sababu lensi ya milimita 600 yenye tundu kubwa la f/4 ina uzito wa kilo 3 hivi, na zile za kuvuta za milimita 150 hadi 600 hukaribia kilo 2. Kabla ya kupanga kiti, ipimwe pia nafasi: lensi nyingi za aina hii hazifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya mita 2 hadi 4 hivi.

Kwa tundu la f/6.3 na umbali wa mita 6, sehemu inayotoka wazi ina kina cha sentimita 4 tu. Jicho likiwa wazi, mkia unaweza kuwa ukungu. Kwa hiyo kitawi cha kutulia huwekwa sambamba na dirisha, na nyuma yake pawe na mita kadhaa za uwazi ili majani ya mbali yageuke rangi moja laini. Ndege aliyetulia huhitaji kasi ya shata ya sekunde 1/500 au zaidi, na anayepiga mbawa 1/2500.

Kuhusu mwanga, vitabu vya Ulaya humpotosha msomaji wa ukanda wa ikweta. Adhuhuri ya Desemba jua la London liko nyuzi 15 tu juu ya upeo, na mwanga ni wa ubavuni mchana kutwa. Jua la Nairobi au Mombasa hupanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kila saa. Likichomoza saa 12 na nusu asubuhi, ikifika saa 3 limeshakuwa juu mno, na kivuli cha paji la uso hufunika jicho la ndege. Kinachobaki ni saa mbili za asubuhi na mbili za jioni. Mawingu ya Julai Nairobi, ambayo wengi huyalalamikia, ni neema kwa anayepiga kwera, kwani manjano yao huungua upesi juani na mistari ya manyoya hupotea.

Chozi dume ana shida iliyo kinyume. Mng'ao wake wa kijani na zambarau hautokani na rangi iliyopakwa ndani ya unyoya. Hutokana na tabaka nyembamba za chembe za melanini zinazorudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Pembe ikikosewa, ndege yuleyule hutoka mweusi tititi. Jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, na apige mfululizo wakati chozi anageuza kichwa kwenye ua la mshubiri au la mgomba, maana mng'ao huja na kutoweka ndani ya sehemu ya sekunde.

Picha ya karibu pia hutofautisha kwera wanaochanganywa. Katika bustani za Nairobi, Ploceus spekei ana jicho jeupe-krimu, na Ploceus cucullatus jicho jekundu. Pwani, Ploceus bojeri ana jicho jeusi na Ploceus subaureus lenye wekundu. Kwa macho matupu wote ni ndege wa manjano mwembeni.

Jirani aambiwe mapema lensi inaelekea wapi, maana bomba refu dirishani huzua maneno, na ana haki ya kuuliza. Beseni la maji safi lisilo na kina huvuta ndege wengi. Makombo ya ugali na wali hukusanya kunguru, na pwani kunguru wa kutoka India hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa sababu hiyohiyo majani yanayofunika kiota hayakatwi ili picha itoke vizuri: kiota kilichofunuliwa huonwa na kunguru, na makinda huchomwa na jua la mchana.