Risasi Moja Kati ya Tano

Babu yangu wa Kahe alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi, pamoja na kalibu ndogo ya chuma. Nikiwa mtoto nilimuuliza hicho kidude ni cha nini. Akasema, "Humu ndimo risasi inamofanywa risasi." Nikajua ananitania. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu: risasi ni jina la madini yale laini ya kijivu kabla halijawa jina la kitu cha kuua. Tulilichukua kwa Waarabu, na kwao pia ni madini.

Nilimkumbuka babu niliposoma kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, zilizotoka 1920. Vita vilipoanza 1914, askari wake wengi walibeba bunduki za mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Ukifyatua tu, moshi unapanda na adui anajua ulipolala.

Aprili 1915 ikaja meli ya Rubens na bunduki za kisasa. Waingereza wakaishambulia, nahodha akaizamisha Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa, lakini maji ya chumvi yalikwishaingia. Fataki na baruti zikawa zinaharibika siku hadi siku. Miaka kumi nyuma, Kinjikitile aliwaahidi watu wa kusini kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Bahari ya Manza ilikaribia kuitimiza ahadi hiyo.

Kazi ya kuziokoa ilifanyika hapa kwetu, Moshi. Kwa miezi kadhaa, asubuhi mpaka usiku, askari walifungua risasi moja moja, wakasafisha baruti, wakabadilisha baadhi ya fataki kwa zilizopatikana humu nchini, ingawa hazikuwa za aina ile ile. Kisha zikagawanywa. Zile nzima ziliwekwa kwa ajili ya bombomu. Zilizotengenezwa upya, ambazo moja kati ya tano iligoma kulipuka, zikawa za bunduki za vitani. Zilizogoma zaidi zikawa za mazoezi.

Hapo ndipo ninapokwama. Kwa kamanda, hiyo ni hesabu nzuri ya kubana matumizi. Kwa askari aliyelala kichakani, ya tano ndiyo inayoweza kuwa siku yake. Naye ndiye aliyeisafisha kwa mikono yake.

Vita vilifika Kahe Machi 1916. Tarehe 21, watu wa Smuts waliteka stesheni, na usiku Wajerumani wakavuka Ruvu. Waliacha mzinga wa manowari ya Königsberg wakiwa wameulipua. Mzinga huo una jina katika vitabu. Mafundi wale wa Moshi wamepewa mistari michache, na hakuna hata mmoja aliyetajwa.

Kalibu ya babu ninayo mpaka leo. Sijui nimpe nani.