Jina Kwanza, Anwani Baadaye

Wanachama wengi wa chama chetu hawasomi kompyuta, na makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya wale wanaoisoma tu. Yanamhusu kila mwanafunzi aliyewahi kutia anwani ya wavuti kwenye tanbihi ya insha yake, kisha mhadhiri akaibonyeza na kuambiwa ukurasa haupo. Tulitaka kujua jambo hili lilianzaje, na mafundi wamelitafutia dawa gani.

Tim Berners-Lee alipowasha seva ya kwanza kule CERN, karibu na Geneva, mwishoni mwa mwaka 1990, anwani ilikuwa ni mahali faili lilipo. Ukurasa wa kwanza ulikaa info.cern.ch, kwenye /hypertext/WWW/TheProject.html, na kila mkwaju uliashiria folda ndani ya folda. Aliyehamisha faili alivunja kila kiungo kilicholielekea. Mwaka 1993 ikaja CGI, kutoka kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, na seva ikaweza kuendesha programu badala ya kutoa faili tu. Anwani zikajaa alama za kuuliza na majina ya programu zenyewe, hivyo tovuti ikibadili programu, anwani nazo zinakufa. Berners-Lee aliliandikia jambo hili makala fupi mwaka 1998, na lawama aliwatupia wenye tovuti: anwani haibadiliki yenyewe, kuna mtu ameibadilisha.

Nusu ya dawa ilikuwa imeshapatikana. Ralf S. Engelschall aliandika mod_rewrite mwaka 1996, akaikabidhi kwa kundi la Apache mwaka 1997. Kazi yake ni kupokea anwani safi kutoka kwa msomaji na kuigeuza kimyakimya iwe ile ndefu inayoeleweka na programu. Lakini ilikuwa njia ya kwenda tu. Viungo ndani ya kurasa bado viliandikwa kwa mkono, kimoja kimoja.

Njia ya kurudi ilienea pamoja na viunzi, yaani msimbo ulioandaliwa tayari ili mtu ajengee tovuti yake juu yake. David Heinemeier Hansson wa Denmark alitoa Ruby on Rails mwaka 2004, na humo jedwali lile lile la njia linalotambua anwani ndilo linaloziunda. Ben Bangert akalihamishia wazo hilo kwenye lugha ya Python kwa maktaba aliyoiita Routes, iliyotumika ndani ya kiunzi cha Pylons. Django nayo ilizaliwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, huko Kansas, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuiandika mwaka 2003. Umma uliipata Julai 2005. Kwetu sisi si ajabu kwamba ilitoka kwenye chumba cha habari. Gazeti huzaa kurasa kila siku, na kila moja inataka anwani inayosomeka.

Tuseme jarida letu lina tovuti, na jedwali lake lina mistari miwili: wa juu ni /makala/mpya, wa chini ni /makala/ ikifuatwa na namba ya makala. Ombi likija, programu husoma jedwali kutoka juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana. Ukiipindua mistari hiyo, na kama hukusema kwamba namba lazima iwe tarakimu, neno "mpya" litamezwa kana kwamba ni namba. Huko ni kulinganisha. Kuunda ni safari ya kurudi. Mstari wa chini tunaupa jina, tuseme soma_makala. Anayetengeneza ukurasa haandiki anwani. Anataja jina hilo na namba 17, naye anarudishiwa /makala/17. Kesho tukitaka iwe /jarida/makala/17, tunagusa mstari mmoja na viungo vyote vya ndani vinafuata. Na akikosea jina, programu inagoma hapo hapo mbele yake, badala ya kiungo kumfia msomaji miezi sita baadaye. Huo ndio utamu wake hasa.

Ni kama nyumbani tunavyosema "kwa shangazi". Hakuna anayetaja namba ya nyumba. Shangazi akihama, anayeendesha gari ndiye wa kujua njia mpya, sisi wengine tunaendelea kusema "kwa shangazi". Ila mgeni mwenye bahasha ya zamani anagonga mlango wa watu wengine.

Mgeni huyo ndiye tanbihi yetu. Majina yamerahisisha mno kubadili anwani, kwa sababu anayezibadili haoni kilichovunjika: viungo vyake vyote vinafanya kazi. Wa nje husaidika tu akiachiwa agizo la kuelekezwa kwingine, namba 301, ambalo halijifungi lenyewe. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walichapisha utafiti kuhusu viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani, wakakuta nusu havifiki tena kwenye maneno yaliyonukuliwa. Maktaba ya sheria ya Harvard ilianzisha Perma.cc, inayohifadhi nakala ya ukurasa siku ile ile unapotajwa.