Upondo wa Kurukia, Ufito wa Kurukwa

Ukuta wa udongo wa Kibera, Nairobi, ukimeguka baada ya mvua kubwa, mifupa yake huonekana: nguzo zilizosimama, na juu yake fito nyembamba zilizolazwa moja baada ya nyingine, zimegongomelewa misumari, zikishikilia udongo uliokandikwa. Mtoto wa vijiji vyake kama Laini Saba au Gatwekera hahitaji kamusi kujua ufito ni nini. Ni mti mwembamba, mwepesi, unaolazwa na wala hausimamishwi, tena hakuna anayethubutu kuuegemezea uzito wake wote. Sasa mwambie mtoto huyo kwamba kuna mchezo ambapo mtu hukimbia na mti mrefu, akauingiza ardhini na kujirusha nao juu kuliko paa la mabati, na kwamba mchezo huo huitwa "kuruka kwa ufito". Atacheka, na ana haki ya kucheka. Jina linampa picha ya kitu kitakachovunjika mkononi mwake.

Majina ya mchezo huu ni mengi kwa Kiswahili. Wengine husema kuruka kwa fimbo, wengine kwa ufito, wengine kwa upondo. Hoja yangu ni kwamba upondo ndilo jina sahihi, na si kwa uzuri wa sauti yake tu, bali kwa kuwa ni jina linalomfundisha anayeanza. Kabla ya nomino yenyewe, tuangalie kihusishi, maana huko nako kuna kosa. Kwa Kiswahili, kitu kinachofuata kitenzi kuruka moja kwa moja ndicho kinachovukwa: tunaruka kamba, tunaruka viunzi, tunaruka mtaro wa maji machafu kati ya nyumba na nyumba. Anayesema "kuruka upondo" amesema bila kujua kwamba upondo ndio kizuizi. Herufi tatu za "kwa" zinaurudisha mahali pake: upondo ni chombo, si kizuizi.

Upondo ni mti mrefu wa watu wa mashua na mitumbwi. Katika maji ya kina kifupi, penye mikoko ambako tanga halisaidii, baharia husimama, akaishusha ncha mpaka ikashika chini, kisha akausukuma. Ncha haitembei tena. Anayetembea ni yeye na chombo chake. Hiyo ndiyo siri yote ya mchezo. Mwishoni mwa njia ya kukimbilia kuna shimo dogo lenye kina cha sentimita 20, linalozidi kuwa jembamba kadiri linavyoelekea mbele. Ncha ya upondo ikishafika humo haiendi popote. Kinachoendelea kusafiri ni ncha ya juu pamoja na mtu aliyeishika, mpaka upondo usimame wima. Ni kweli mfano huu una mpaka wake: baharia hubaki chomboni na upondo wake hulala kuelekea nyuma, lakini mrukaji hupaa. Hata hivyo, lile la msingi, kwamba ncha imetulia na mwili unapita, limo ndani ya neno tayari.

Neno upondo linaomba kitenzi chake, nacho ni kusimika, si kudunga. Nakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi huharibikiwa. Mwenye kudunga huisukuma ncha chini kama anayechoma mkuki. Mikono hubaki kifuani, upondo hugonga ukuta wa shimo ukiwa bado umelala, na mshtuko wote humrudia mabegani. Mwenye kusimika hufanya kinyume: ncha inashuka kwa sababu mikono inapanda. Kama nguvu zake ziko mkono wa kulia, mkono huo ndio wa juu. Katika hatua mbili au tatu za mwisho hutoka kiunoni, hupita karibu na sikio, na hunyooka juu ya kichwa kabla mguu wa kushoto haujaondoka ardhini. Kisha mwili hupita upande wa kulia wa upondo. Yote haya hujifunzwa kwanza kwenye mchanga wa kuruka mbali, kwa hatua 6 tu, mrukaji akishika pale mkono wake unapofika anapousimamisha upondo wima mbele yake. Akitua vizuri kwa miguu miwili mara nyingi, ndipo apandishe mkono kwa kadiri ya ngumi moja. Kwenye udongo mgumu, kama ule wa viwanja vingi vya Kibera na Kawangware, pasipo na godoro nene, asizidishe hapo.

Mtetezi wa ufito atasema: lakini upondo wa baharia haupindi, na huu wa michezoni hupinda kama upinde. Ni pingamizi zito. Jibu lake limo katika historia. Cornelius Warmerdam wa Marekani aliruka mita 4.77 mwaka 1942 kwa mwanzi, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1957. Faibaglasi yenye kupinda sana ilishika nafasi baadaye. Mchezo ulikuwapo kabla ya mpindo huo, na anayeanza hurudia historia hiyo mwilini mwake: hufundishwa kwanza bila kuupinda. Kinachompandisha ni kasi. Anayefika kwenye shimo kwa mita 6 kwa sekunde ana nguvu ya kuinua kitovu cha uzito wake takriban mita 1.8, anayefika kwa mita 9.5 anaweza kukiinua takriban mita 4.6. Mpindo huhifadhi kasi hiyo kwa muda na kuirudisha, hauiumbi. Armand Duplantis wa Uswidi, aliyeruka mita 6.30 jijini Tokyo mwaka 2025, anasifiwa pia kwa kukimbia kama mtu wa mbio fupi. Mwanafunzi akiambiwa ufito, atangoja mti umrushe. Akiambiwa upondo, atajua kazi ya kusukuma ni yake.

Pingamizi la pili ni la mahali. Upondo ni neno la Lamu na Mombasa. Kawangware haina mashua, na Bwawa la Nairobi pembeni mwa Kibera limejaa tope na magugu. Ni kweli, lakini wasikilize watu wa Kawangware wenyewe. Dereva wa matatu ya 46 hushika usukani, neno lililotokana na sukani ya jahazi. Timu za mtaani zina nahodha, na hakuna anayeuliza meli iko wapi. Mechi ikichezwa mara mbili, tunataja mkondo wa kwanza na wa pili. Lugha ya pwani ilipanda bara zamani, ikavishwa kazi mpya, na watu wakaizoea kwa kuitumia. Neno lisilojulikana leo si neno gumu. Halijapewa kazi tu.

Wapo pia wasemao kwamba jina si kitu, jicho linatosha kumfundisha mtu. Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Mfano huu ni mzuri, nami naupenda, ila yeye mwenyewe alikwenda Finland kufundishwa kabla ya ubingwa huo. Jicho huona umbo. Halioni kwa nini mikono ipande kwanza. Na katika sekunde ile moja kabla ya shimo, kocha hana nafasi ya sentensi. Ana nafasi ya neno moja, nalo liwe neno ambalo mwili unalielewa: simika!

Tena ufito haukosi kazi. Juu kule, kati ya miimo miwili, kuna kijiti chepesi cha mita 4.5, kilicholazwa bila kufungwa, kisichobeba uzito wa mtu na kinachoanguka kwa kuguswa na kifua. Mwembamba, mwepesi, umelazwa: huo ndio ufito, ule ule wa ukutani Gatwekera. Tukiliacha jina hilo lipande huko juu, kocha anaweza kusema kwa pumzi moja, "achia upondo, usiguse ufito," na mwanafunzi aliye hewani akajua kipi ni kipi.