Maambukizi ya bakteria katika vinyweleo vya mbwa

Maambukizi ya bakteria katika vinyweleo vya mbwa ni ugonjwa wa ngozi unaotokea pale bakteria wanapozaliana ndani ya vijitundu vinamoota manyoya na kuzusha vipele vya usaha. Kisababishi kikuu ni *Staphylococcus pseudintermedius*, aliyepewa hadhi ya spishi ya pekee mwaka 2005. Mbwa mzima huishi na bakteria huyu puani, mdomoni na sehemu ya haja kubwa, na kila anapojilamba humsambaza mwilini.

Ngozi ya mbwa ina kinga hafifu kuliko ya binadamu. Tabaka lake la juu ni jembamba, mafuta yake ni machache, na mdomo wa kinyweleo hauna kizibo cha mafuta. Hata hivyo bakteria peke yao ni nadra kuanzisha ugonjwa. Karibu kila mara kuna jambo lililotangulia: viroboto, kupe, utitiri wa upele, mzio, upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, au ngozi iliyoloa muda mrefu.

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania, lina mengi ya hayo. Liko kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, hupata mvua ya takriban milimita 1,200 hadi 1,800 kwa mwaka, na wakati wa masika mto hufurika hadi mashambani. Mbwa anayeongozana na wenyewe kwenye majaruba ya mpunga huweza kushinda na manyoya mabichi; anayefuata ng'ombe malishoni huokota kupe. Akijikuna, kucha huchubua ngozi, na bakteria hupata njia.

Dalili huanzia mara nyingi tumboni, kwenye kinena na kwapani: vipele vyekundu vyenye unyoya katikati, kisha vichwa vya usaha. Vichwa hivyo havidumu. Hupasuka na kuacha duara la magamba, na mara nyingi duara hilo ndilo pekee linaloonekana siku mbwa anapokaguliwa. Kwa mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, dalili huwa mabaka ya upara yaliyotapakaa, kama nguo iliyoliwa na nondo. Hapo ndipo wengi husema ana mashilingi, yaani fangasi wa ngozi. Fangasi huleta upara unaofanana na huo, na utitiri wa demodeksi huishi ndani ya kinyweleo hichohicho, hivyo macho hayatoshi. Daktari hukwangua ngozi kutafuta utitiri, na hupaka usaha kwenye kioo cha hadubini kutafuta bakteria wa mviringo ndani ya seli nyeupe.

Maambukizi yakiwa ya juujuu, kuogesha kunaweza kutosha. Shampuu yenye klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4 hutumika mara mbili au tatu kwa wiki, na povu huachwa kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Mafuta machafu ya injini hayafai kabisa: huunguza ngozi, na mbwa huyameza anapojilamba.

Antibiotiki huhitajika vipele vikitapakaa au kuzama ndani. Sindano ya penisilini ya kawaida, hata kama ipo karibu, ni chaguo baya, kwa kuwa *Staphylococcus* wengi hutoa kimeng'enya kinachoivunja. Sefaleksini hutolewa kwa miligramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, na mbwa hukaguliwa tena kabla ya kuiacha. Kukatisha dozi mara tu muwasho unapotulia hurudisha ugonjwa na kuwapa nafasi bakteria sugu, wakiwemo wanaohimili hata sefaleksini. Ugonjwa ukijirudia, usaha hupaswa kuoteshwa maabara. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ndicho kituo kikubwa cha tiba ya wanyama katika mkoa huo.

Kati ya 2010 na 2015 mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa uliwachanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, zikiwemo Kilombero na Ulanga. Kwa mbwa wengi wa vijijini, siku ya chanjo ndiyo nafasi pekee ya kufika mbele ya mtaalamu wa mifugo, na ukaguzi wa tumbo na kwapa huchukua dakika moja tu. *Staphylococcus pseudintermedius* humwambukiza binadamu mara chache, hasa kupitia jeraha, kwa hiyo anayemhudumia mbwa mwenye vipele hunawa kwa sabuni.