Fahamu: Kompyuta ya zamani ya biro inaweza kuokoa kazi ya kompyuta zingine

Kwenye biro nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia kuko kompyuta moja iliyowekwa pembeni. Bado inawaka, lakini mpya zilinunuliwa na hakuna anayeikalia tena. Mashine kama hiyo inaweza kupewa kazi moja ya maana: kushika kopi za fishie za kompyuta zote za biro, kila siku, bila kungojea mtu akumbuke.

Kwa nini kopi?

Kwa shule, ni matokeo ya wanafunzi. Kwa kituo cha afya, ni orodha za wagonjwa na dawa. Kwa radio, ni sauti za wazee ambao pengine hawatasema tena. Disiki moja ikikufa, vyote vinakwenda nayo. Huku mashariki hatari ni mingi: umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, wizi, virusi vya kle USB, na radi. Uchunguzi wa setilaiti uliotoka mwaka 2016 uliweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, nafasi ya 2 duniani: radi zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka.

Inahitaji nini?

Si mashine ya nguvu. Memori ya gigabaiti 2 inatosha kama inatumia Linux, na haihitaji hata skrini. Kitu cha kununua ni disiki mpya, juu disiki ya zamani ndiyo ya kwanza kuchoka. Kisha mashine inaunganishwa kwenye rezo ya biro kwa kable. Kuwa na intaneti si lazima: fishie zinapita ndani ya nyumba tu, bila kula mega za mtu.

Kopi ya kwanza inachukua muda. Kwa rezo ya megabiti 100, gigabaiti 100 zinapita kwa masaa 2 na zaidi. Kisha kazi inakuwa nyepesi. Programu za bure kama rsync, iliyotoka mwaka 1996, zinalinganisha pande mbili na kuchukua tu kile kilichobadilika. Kwa biro yenye Windows, UrBackup inafanya kazi inayofanana na hiyo.

Nani aende kwa mwenzake?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanafungua dosye kwenye mashine ya zamani, kisha kila kompyuta inaandika ndani. Ni rahisi, lakini virusi pia vinaweza kuandika ndani. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipita toka kompyuta moja hadi ingine kwa njia ya rezo, vikifunga fishie na kudai feza, katika inchi zaidi ya 150. Njia salama ni kugeuza: mashine ya kopi ndiyo inaenda kuchukua fishie, na kompyuta zingine hazina ruhusa ya kuandika wala kufuta kitu ndani yake.

Tena, kopi ya jana peke yake haitoshi. Karani akifuta orodha kwa bahati mbaya siku ya kwanza, na kosa likajulikana kisha wiki moja, kopi ya jana nayo haina orodha ile. Biro nyingi zinashika kopi za siku 7, za wiki 4 na za miezi kadhaa. Fishie isiyobadilika inaweza kuhifadhiwa mara moja tu, hivyo disiki haijai haraka.

Saa ya kopi ifuate umeme. Vitabu vingi vinashauri usiku, lakini biro inayozima jenereta jioni ifanye saa sita mchana.

Kujaribu kopi

Mwaka 1998, studio ya Pixar kule Marekani ilifuta kwa kosa sehemu kubwa ya filamu Toy Story 2. Kopi za kazini zilikuwepo, lakini hazikuwa zimefanya kazi vizuri. Filamu iliokolewa na kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Ndiyo sababu kila mwezi mtu mmoja anapaswa kuchagua fishie chache, kuzirudisha toka kwenye kopi, na kuzifungua mpaka mwisho.

Kopi ya nje ya nyumba

Kisa hicho kinafundisha jambo la pili. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya Goma. Volkano ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na kisha siku chache wakaaji wengi walitakiwa kuhama haraka. Mashine ya kopi iliyo chumba kimoja na zingine itaungua nazo, ao itaibiwa nazo. Kwa hiyo inafaa disiki ya pili, ndogo, ya kubeba mkononi, ipelekwe kila wiki kwenye nyumba ingine, na ikiwezekana mji mwingine. Disiki hiyo ifungwe kwa neno la siri, hasa kama ndani kuna majina ya wagonjwa, na neno hilo lijulikane na watu wawili: mmoja akisafiri, mwingine afungue.