Uzito Uliomo Kwenye Rula

Mnadi wa diko la Deep Sea, Tanga, hahitaji mizani ili ajue thamani ya nguru. Humnyanyua, humtazama toka mdomo hadi mkia, humlaza mbele ya wachuuzi na kuanza kunadi. Changu wadogo huenda kwa fungu, tasi kwa mtungo. Mimi nilikuwa Bwana Samaki, mwandika takwimu, na ofisi ilitaka kilo. Fungu haliingii kwenye fomu. Mashua zikifika kwa pamoja mizani moja haifui dafu, na nahodha hana subira: "Bwana Samaki, usinikawize, barafu inayeyuka." Kazi yangu iliwezekana kwa sababu ya ubao wenye rula, na kwa sababu ya kanuni ya kupata uzito kutokana na urefu, iliyochukua karibu miaka 300 kukamilika.

Mzizi wake uko kwa Galileo. Mwaka 1638, katika kitabu kilichochapwa Leiden, Uholanzi, alieleza kwamba kitu kikikua bila kubadili umbo, ujazo wake huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu. Changu wa sentimita 40, akiwa na umbo lile lile la mwenzake wa sentimita 20, humzidi uzito mara nane. Wachuuzi wa pwani wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Hutampata hata mmoja atakayekubali kutoa changu mkubwa kwa wadogo wawili.

Lakini je, samaki hukua bila kubadili umbo? Swali hilo lilimshughulisha Thomas Wemyss Fulton, msimamizi wa sayansi katika Bodi ya Uvuvi ya Uskoti. Wakati ule meli za mvuke zilikuwa zikiburura nyavu katika Bahari ya Kaskazini, na watu walianza kuhofia kwamba samaki wanakwisha. Fulton aliwapima urefu na uzito maelfu ya samaki wa aina mbalimbali, na mwaka 1904 akatoa ripoti ambayo mimi naiheshimu kuliko fomula zote zilizofuata. Aliandika kwamba kanuni ya kipeo cha tatu haiwakai samaki sawasawa: aina nyingi huongezeka uzito zaidi ya kanuni inavyodai. Akaongeza kwamba samaki wa urefu mmoja huwa na uzito tofauti mahali na mahali, na msimu kwa msimu, hasa wakati wa kutaga. Mtu mwingine angezitupa tofauti zile aokoe hesabu yake. Fulton alizichukua kuwa ndiyo habari yenyewe. Kipimo cha siha ya samaki kinachoitwa kwa jina lake, gramu zikigawanywa kwa sentimita za urefu zilizopandishwa kipeo cha tatu, kisha kuzidishwa kwa 100, bado kinafundishwa vyuoni.

Mwaka 1928 Mmarekani Ancel Keys, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa utafiti wa lishe na moyo, alipendekeza kipeo kiachwe huru: kila aina ya samaki iwe na chake, kitokane na vipimo. Kwa kawaida huangukia kati ya 2.5 na 3.5. Chukua logariti za urefu na za uzito, zichore, na nukta zitajipanga karibu na mstari mnyoofu.

Kwetu, utafiti wa bahari ulipata makao Unguja katika miaka ya 1950, chini ya shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika Mashariki, lenye meli iliyoitwa Manihine. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi ile ya Unguja ilirithiwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ikaanzishwa mwaka 1980. Siku hizi, hata samaki aliye hai hupimwa: katika miamba ya Kenya mzamiaji huogelea na kibao, hukadiria urefu wa kila pono na tasi apitaye, na fomula humpa kilo zilizomo kwenye mwamba bila kuua hata mmoja.

Lakini kila fomula ni ya aina moja ya samaki na ya bahari yake. Tena ina masharti: kuna urefu wa kufika ncha ya mkia, kuna wa kuishia penye panda ya mkia, na kuna usiouhesabu mkia kabisa. Ukipima kwa mmoja na kukokotoa kwa fomula ya mwingine, kosa hujizidisha, kwa kuwa urefu unapandishwa karibu kipeo cha tatu. Nguru, ambaye mkia wake una panda ndefu, huharibu hesabu kuliko wengi.

Basi ninyi mnaoshika ubao leo katika madiko ya Tanga, Unguja, Mombasa na Kilwa: andikeni aina, mahali, mwezi, na mmepima kuishia wapi. Kila msimu pimeni wachache kwa mizani pia, msitegemee namba za bahari za watu. Na madaftari ya zamani yaliyorundikwa stoo za ofisi yasichomwe. Humo ndimo ilimoandikwa siha ya samaki wetu kabla nyavu hazijaongezeka.