Kutoka Changuu hadi Chuo cha Mafunzo: Serikali, Fedha na Urekebishaji wa Wahalifu Unguja

Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17, iligeuzwa jela katika karne ya 19, na adhabu ya kifo ilitekelezwa hapo hapo. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya Sultani chini ya himaya ya Uingereza, alikinunua kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, na gereza likajengwa huko. Lakini halikutumiwa kwa kazi hiyo, bali likawa karantini, yaani mahali pa kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Fedha zilitumika kwa kuta ambazo hazikufanya kazi iliyokusudiwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, jela ya Kiinua Miguu, mjini Unguja, ilishikilia pia mahabusu wa kisiasa, na sehemu hiyo ya historia haifai kufichwa. Hata hivyo, ni Serikali iliyotokana na Mapinduzi hayo iliyokuja kukipa kifungo shabaha nyingine: sheria ya mwaka 1980 iliyaweka magereza chini ya Vyuo vya Mafunzo, ambamo mfungwa huitwa mwanafunzi, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikakitambua Chuo cha Mafunzo miongoni mwa Idara Maalum, pamoja na Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM). Kwa kuwa magereza si jambo la Muungano, gharama zake hubebwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, katika bajeti inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi.

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Mafunzo ya useremala hudai mbao, randa, misumeno na mwalimu anayelipwa, ilhali kulinda lango hudai mlinzi tu. Kasma, yaani fungu lililotengwa kwa matumizi maalumu, ikiwa finyu, chakula na mishahara havisubiri, na karakana ndiyo husubiri. Aidha, mwanafunzi aliyekwisha kujua kuchonga mlango hutoka bila hata patasi, akarudi mtaani Ng'ambo ambako mwenye karakana anamjua kwa kosa lake kabla ya kuijua kazi yake. Kurudia uhalifu, ambako ni kutenda kosa jipya baada ya kumaliza adhabu, huanzia mara nyingi katika majuma ya mwanzo baada ya kuachiwa, ya kukosa kipato, na matumizi ya kuyavusha majuma hayo hayawezi kuhesabiwa kuwa ni hisani.

Tanzania Bara ilipitia njia nyingine: Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humwezesha hakimu kumwamuru mkosaji wa kosa dogo afanye kazi ya umma bila malipo huku akiishi kwake, asipoteze ajira wala familia. Kwa Unguja, ambako sheria ya watoto ya mwaka 2011 imekwisha kuufanya ufungaji wa mtoto kuwa hatua ya mwisho, hoja ya kuwapunguzia kifungo watu wazima wenye makosa madogo, na fedha zinazookolewa zikaelekezwa kwenye zana na usimamizi baada ya kuachiwa, ina msingi wa kisheria wa kuegemea.